Pulovere Iliyokuwa Ikifupika

Wiki iliyopita mvua ilinikuta sokoni, pale wanapomwaga chini nguo kuukuu zitokazo Ulaya na watu wanachagua wakiwa wameinama. Muuzaji hakuwahi kulifunika kwa plastiki yake, rundo zima likalowa, na kutoka kwenye rundo lile ikanijia harufu ya sufu mbichi, harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Hapa Kisangani hiyo si harufu ya kila siku; nani huku anahitaji sufu? Nilisimama pale na mwavuli nimeusahau mkononi, hadi yule muuzaji akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia hapana. Lakini tangu siku hiyo kila ninapokaa kimya namfikiria baba yangu, na nimeona afadhali niseme tu. Nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu, ambaye alikuwa amefiwa na mke, alipata mwanamke wa kumpenda, na mimi ndiye niliyemzuia, kwa sindano na uzi, huku nikidhani ninamsaidia.

Hatukuwa watu wa huku. Tulitoka Bukavu, kwenye milima na ukungu, ambako sweta ni nguo kama nguo nyingine. Mama alifariki huko, na kabla matanga hayajapoa baba akapata barua ya uhamisho: ofisi ya serikali, Kisangani. Alikuwa karani, na karani wa enzi zile alikwenda alikotumwa. Tukaja wawili tu, yeye na mimi, kwa maana nilikuwa mtoto wa pekee, tukapata nyumba ya vyumba viwili katika komini ya Tshopo, yenye barza ndogo mbele na mpapai nyuma. Wenzangu wa rika langu mnayakumbuka maisha ya wakati ule: asubuhi kuimba mbele ya bendera, Jumamosi salongo, kazi ya lazima ya usafi, kila mtu na koleo au fagio lake mtaroni, na watu wazima kuitana citoyen na citoyenne hata kama walikua pamoja tangu utoto.

Nilikuwa mpweke, na sisemi hivyo kwa kujihurumia. Shule iliisha adhuhuri, baba alirudi karibu na jioni, na katikati hapo nilikuwa na ufunguo shingoni, sufuria ya maharage, na kizingiti cha mlango. Watoto wa parseli ya jirani, ua uliopakana na wetu, walicheza kwa Kilingala, nami Kilingala nilikuwa bado sikijui. Nilipofungua mdomo kwa Kiswahili changu cha Bukavu walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Baba naye akirudi alikula, akafungua redio, akaitazama kama inaonyesha picha. Mama hatukumtaja. Nilidhani kumtaja kumekatazwa na serikali, kama vile ilivyokatazwa wanaume kuvaa tai.

Kitu cha mama kilichobaki nyumbani kilikuwa kimoja, pulovere ya baba. Nguo zake mwenyewe shangazi zangu walikuwa wameshagawana. Pulovere hiyo aliifuma kwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa juu ya jiwe, rangi yake damu ya mzee, na misuko miwili ikiteremka kifuani. Baba aliivaa hata Kisangani, asubuhi za mvua, akipanda baiskeli kwenda kazini, na alifika ofisini amelowa jasho kuliko mvua. Jirani yetu aliyekuwa anauza mikate ya kukaanga alinisimamisha siku moja.

"Papa yako iko mugonjwa?"

"Apana, mama."

"Basi juu ya nini iko navaa pulovere na hii joto? Ee, batu ya Bukavu."

Tundu la kwanza lilikuwa la kweli. Msumari wa mlango wa ofisi ulimkamata mkono, uzi ukavutika, na jioni ile ukingo wa mkono wa kushoto ulikuwa na dirisha la kupitisha vidole viwili. Baba alizunguka nayo kwa mafundi cherehani watatu, nami nikimfuata nyuma. Wote walitikisa kichwa. Fundi wa mwisho aliishika kwa ncha za vidole na kusema, "Papa, hii si kitambaa. Mashini itaikula. Enda kwa Tantine Bolumbu, ule anafumaka bonnet za batoto."

Tantine Bolumbu alikaa barabara nne kutoka kwetu, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kaka yake. Kwao kulikuwa Barumbu, chini kwenye mto. Huko masista walimfundisha kufuma alipokuwa msichana. Aliolewa, akakaa miaka bila kupata mtoto, mume akamrudisha. Haya yote niliyajua siku ya kwanza, kwa maana mke wa kaka yake aliyasema kwa sauti akipepeta mchele. Kazi ya Tantine ilikuwa kofia na soksi za watoto wachanga. Mnajua desturi yetu: hata jua lipasue mawe, mtoto hatoki maternité, hospitali ya wazazi, bila kofia ya sufu masikioni. Kwa hiyo mwanamke asiye na mtoto alishinda barzani kwake akivisha watoto wa mji mzima.

Alimpa baba kiti, yeye akakaa kwenye mkeka, akaingiza balbu ya umeme iliyoungua ndani ya mkono wa pulovere ili tundu litandike vizuri juu ya kioo. Kisha alifanya jambo lililonishtua. Uzi wa rangi ile haukupatikana popote Kisangani, kwa hiyo akaigeuza pulovere, akakata mshono wa pindo la chini, akafumua mstari mmoja kuizunguka nguo yote. Uzi ukatoka umejikunjakunja. Akaulowesha, akaunyoosha, na kwa uzi huo akaanza kujenga upya vitanzi vilivyopotea, kimoja kimoja, sindano ikifuata njia ileile aliyopita mama. Alipomaliza sikuliona tundu. Lakini mkia wa nguo ulikuwa umepungua upana wa unyasi.

"Hivi njo inafanyikaka," alimwambia baba. "Ili kufunga juu, lazima nikamate chini."

"Hakuna neno, citoyenne," baba akasema. "Iko ndefu."

Baada ya majuma mawili likatokea tundu jingine, kwenye kiwiko. Kisha jingine begani. Kisha jingine chini ya kwapa, mahali ambapo msumari hauwezi kufika. Kila mara baba aliligundua Ijumaa jioni, akalaumu mende, akaita, "Mama, kuya uone," kwa maana aliniita mama kama wababa wengi wanavyowaita binti zao. Na Jumamosi, salongo ikiisha, alioga, akavaa abakosti yake safi, lile koti la wakati ule lisilovaliwa tai, akakunja pulovere kwapani, tukaenda.

Nisiwadanganye, nilizipenda Jumamosi zile. Tantine alinipa mikate miwili na kikombe cha chai, nikakaa kwenye ngazi nikisikiliza maongezi yao, ambayo niliyaona hayana maana hata kidogo.

"Citoyen, hii mende ya kwenu iko na njaa sana."

"Iko na njaa kweli, citoyenne."

"Haikule shati? Haikule suruali?"

"Inachagua. Bukavu hatukuwa na mende ya namna hii."

Tantine aliinamisha kichwa na kucheka mdomo umefungwa, na baba akachezea kofia yake magotini. Nilistaajabu kwamba baba, ambaye nyumbani alisema maneno kumi kwa siku, anaweza kukaa nusu saa akizungumzia mende. Nakumbuka pia Jumamosi moja Tantine alisahau kusema citoyen. Alisema tu, "Papa, ongeza chai," na wote wawili wakatazama barabarani.

Lakini pulovere ilikuwa inafupika. Hilo ndilo nililoliona mimi. Tulipofika Kisangani, nikiivaa kwa mchezo ilinifika magotini. Sasa iliishia juu ya mapaja, na baba akiivaa mkanda wake ulionekana. Kila Jumamosi mistari ya mama ilitoka chini na kwenda juu kuziba, na vipande vilivyobaki Tantine alivikata na kuviacha kwenye mkeka. Sikuvumilia kuona ufagio wa watu wengine ukivizoa. Nilivikusanya kimyakimya na kuviweka katika kopo la maziwa ya unga. Usiku wa mama, mikono ya mama, spoku za mama, vyote vilikuwa vinaisha kutoka chini, na mtu mzima niliyemtegemea hakuonekana kujali. Nilimkasirikia baba. Nilijiambia kwamba ameshamsahau.

Nikawatangazia vita mende. Niliweka vidonge vya naftalini kwenye sanduku mpaka baba akapiga chafya kazini. Nikaitundika pulovere kwenye kamba katikati ya chumba, mbali na kuta zote, nikapaka kamba mafuta ya taa pande zote mbili ili mdudu asipite. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na tundu kifuani, kwenye msuko wenyewe. Nililia. Baba alisimama mlangoni na shati la kazi, akanitazama nilivyolia, uso wake ukabadilika.

"Acha, mama," alisema polepole. "Bidudu ya huku ni bingi. Usijisumbue."

Juma hilohilo nilikuta nyuzi nyekundu zimenasa kwenye wembe wake wa kunyolea ndevu, juu ya rafu. Nilifikiri, maskini, amekuwa akipunguza nyuzi zilizoning'inia ili nguo ionekane nadhifu. Niliusafisha wembe na kuurudisha. Wasomaji wangu mnacheka, najua. Nacheka na mimi, siku nyingine.

Tundu la mwisho lilionekana Ijumaa, mgongoni, refu kama kidole changu cha kati. Baba aliponionyesha nilikuwa nimeshakata shauri. Alfajiri ya Jumamosi, alipokwenda salongo na koleo lake, nilifunga mlango, nikachukua sindano nene ya baba ya kushonea vifungo, kopo langu la nyuzi, na kwa kuwa sikuwa na balbu nikachukua papai bichi. Nililiingiza ndani ya pulovere, nikatandika tundu juu yake. Nilikuwa nimetazama mikono ya Tantine Jumamosi nyingi. Kitanzi kinashikwa, uzi unapita chini, unarudi, unaingia pale ulipotoka. Nilijichoma mara sijui ngapi. Vipande vyangu vilikuwa vifupi, nikavifunga mafundo, na mafundo yakavimba kama upele. Lakini tundu likafungika, na pindo la chini sikuligusa. Kwa mara ya kwanza tangu tuje Kisangani niliona nimefanya kitu ambacho mama angekiona.

Baba alirudi, akaoga, akavaa abakosti, akanyoosha mkono kuchukua pulovere. Nikampa nikiwa nimeigeuza mgongo juu. Aliitazama. Akaupitisha mkono wake juu ya mafundo yangu, akarudi, akaupitisha tena.

"Ni weye?"

"Ni miye, papa. Sasa haitafupika tena."

Alikaa kwenye kiti. Sauti ya majirani waliokuwa wanaosha majembe ilisikika nje.

"Umefanya kazi muzuri, mama," akasema mwishowe. "Bon. Sasa hatuna tena lazima ya kumusumbua Tantine."

Akavua abakosti, akaitundika, akafungua redio.

Kwa nini hakwenda tu? Nimejiuliza hilo maisha yangu yote ya utu uzima. Sehemu ya jibu ni mji wenyewe: mwanamume anayefika mikono mitupu kwenye chumba cha mwanamke aliyerudishwa kwao ameshatangaza nia, na kesho kaka mtu anamsubiri kitini kuzungumza mahari. Mwenye pulovere kwapani ni mteja tu, hata mke wa kaka hawezi kusema neno. Baba alikuwa mtu wa haya, na huzuni ilikuwa imemwongezea haya nyingine. Lakini sehemu kubwa, naamini, ni mimi. Aliona binti yake amekaa peke yake na kushona kwa vidole vinavyotoka damu, akaisoma kazi ile kama barua. Alidhani namwambia: mama anatosha, usiende tena. Nami nilikuwa namwambia habari za mende.

Ukweli niliujua nikiwa na watoto wangu na kazi ya kutengeneza nguo, siku nilipoletewa kutengeneza sweta iliyoliwa na wadudu kweli. Kingo za tundu zilikuwa zimechanikachanika, nyembamba hapa, nene pale, na unga unga ndani yake. Matundu ya baba yangu yalikuwa na kingo safi zilizokatwa mara moja, kwa wembe. Niliiweka kazi ya watu chini na sikuishika tena siku hiyo. Baba alikuwa ameshafariki, bila kuoa. Tantine Bolumbu alikuwa ameondoka zamani. Mwaka uleule wa tundu la mwisho, maji ya mto yalipojaa, alipanda mashua ya baleinière kurudi Barumbu kwa mdogo wake, na mke wa kaka yake alieneza habari kwamba hata kuaga hakuaga vizuri.

Lakini kabla hajaondoka nilimwona mara moja. Jumamosi tatu zilikuwa zimepita, baba anafua, anapiga pasi, anakaa barzani na nguo safi kama mtu anayesubiri kuitwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuumwa na upweke kuliko zamani, maana sasa hata mikate ya Jumamosi haikuwepo, na nilitaka sifa. Nilimwomba baba ruhusa nikamwonyeshe Tantine kazi yangu. Alisema niende. Kisha akaniita nirudi, akanifuta vumbi miguuni kwa kitambaa chake mwenyewe, na kusema tena niende.

Tantine aliinuka aliponiona naingia kwenye parseli, akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Papa iko wapi?"

"Iko kwa nyumba."

"Iko mugonjwa?"

"Apana, Tantine. Pulovere imepona. Angalia."

Aliipokea, akakaa, akaingiza balbu yake, akatandaza kazi yangu juu ya kioo. Nilisubiri acheke mafundo. Hakucheka.

"Nani alifanya hii?"

"Miye."

"Weye peke yako? Papa hakukutuma?"

"Apana. Alikuwa salongo."

"Na papa aliona?"

"Aliona. Alisema sasa hatuna tena lazima ya kukusumbua."

Alishika sindano yake mdomoni kwa muda mrefu bila kuitoa. Kisha akanivuta, akanikalisha kati ya magoti yake, mgongo wangu kifuani kwake, mahali ambapo hakuna mtu aliyenikalisha tangu Bukavu. Alinuka sabuni na sufu. Akaweka sindano mkononi mwangu na mkono wake juu ya wangu, akafungua mafundo yangu moja baada ya jingine, akaniongoza kuunganisha nyuzi kwa kuzipitisha ubavuni mwa nyingine bila fundo. Tukafika mwisho.

"Hapa uliacha uzi inje. Hivi itafunguka," alisema sikioni kwangu. "Rudisha sindano ndani ya njia yake, mara tatu. Kiisha kata. Unaona? Hata mutu avute namna gani, haitafunguka tena."

Nilifanya mara tatu. Akakata uzi kwa meno. Tulibaki tumekaa vile, nadhani zaidi ya ilivyohitajika, na mimi sikutikisika kwa kuogopa asije akakumbuka kuniinua. Alipofanya hivyo alinifungia mikate minne ndani ya jani, mara mbili ya desturi, na akanisindikiza hadi ukingo wa barabara.

"Uambie papa..." alianza.

Nilisimama nikisubiri, pulovere kwapani kama alivyokuwa akiibeba baba. Tantine alikuwa anaitazama balbu iliyobaki mkononi mwake.

"Apana," akasema. "Acha."

Baba alikuwa barzani, na sidhani alikuwa ameinuka tangu niondoke. Aliipokea pulovere, akaona mgongo wake laini, hakuna fundo hata moja.

"Alisema nini?"

"Alisema niko najua kazi. Alinifundisha kufunga mwisho ya uzi."

"Alisema ile tu?"

"Ndiyo, papa."

Tulikula mikate, miwili yeye na miwili mimi. Alipomaliza alijifuta vidole taratibu, akaniuliza tena, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama kweli hakuna kitu kingine Tantine alichosema, hata kidogo. Nilifikiri sana kabla ya kujibu, kwa sababu nilipenda kuulizwa. Nikamwambia hakuna. Tantine alikuwa ameniambia niache, nami nilikuwa mtoto wa kusikia.